Mbunge Aliyelala kwa Niaba ya Watu Wake

Jumamosi jioni watu wa Labrie walikaa kwenye ukumbi chini ya kanisa, wakila maharagwe yaliyopikwa na nyama ya nguruwe na asali ya miwa. Colette Daigle, mbunge wao katika bunge la jimbo la Maine, Marekani, alikuwa akizunguka na sinia la mkate. Huko kwao mbunge anayekaa akapakuliwa hachaguliwi tena.

Hapo ndipo watu walipomwomba usingizi. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kinawapa zamu mbili mfululizo, na Colette, alipoomba kura, aliahidi kuwawakilisha kwa kila jambo. Basi akawa analala kwa niaba yao. Yeye akilala, aliyeomba anaburudika huko huko alikosimama. Akiamshwa kabla ya wakati, usingizi wote unamrudia aliyeomba kwa mkupuo.

"We dada, jana uliota unagombana na mumeo, eh?" Rosaire wa kiwandani alimwuliza. "Nimemnunia mke wangu mchana kutwa, na hana kosa!"

"Kosa analo, kaolewa na wewe," Colette akamjibu, akamwongezea mkate.

Lucille Cyr, mama wa watoto wawili, akamvuta pembeni. "Dada, Jumanne niko kwenye mashine ya kukata karatasi, zamu mbili. Mchana ndio huwa nasinzia."

"Vidole unavyo vyote?"

"Mpaka sasa."

"Basi nitalala. Kura yangu ni Jumatano."

Kura hiyo ilikuwa ya sheria aliyoiandika Colette mwenyewe, kwamba mfanyakazi apumzike kati ya zamu na zamu. Lakini Jumanne theluji kubwa ikatangazwa, na wabunge wakataka kuwahi nyumbani. Kura ikasogezwa ikawa mchana huo huo. Colette alikuwa kitini, amelala fofofo.

"Mwamshe, Alden!" mwenzake Colette wa chama alinong'ona kutoka nyuma. "Sheria ni ya kwake!"

Mzee Alden Whitcomb, wa chama kingine, alikaa kiti cha jirani. Alimwangalia Colette vizuri.

"Simwamshi. Huyu yuko kazini. Kuna mtu huko ana mkono kwenye mashine."

"Basi mbonyezee kitufe!"

"Cha mwenzio hakibonyezwi, kijana. Unajua hilo."

Alden akabonyeza cha kwake, hapana, kama alivyokusudia tangu mwanzo. Sheria ikaanguka kwa kukosa kura moja.

Colette alipoamka, theluji imeshafunika madirisha. Akafuta mate kidevuni, akasoma ubao wa matokeo.

"Lucille je?"

"Kapiga simu," Alden akasema. "Yuko kwake, anawapikia watoto viazi. Anasema hajapumzika hivyo tangu aolewe."

"Afadhali," Colette akasema, na moyo wake ukatulia kweli. Alden akamsaidia kuvaa koti.

Wiki iliyofuata kiwanda kilibandika tangazo la zamu mbili kwa kila mtu. Alden naye akaleta hoja, kwamba mbunge wa Labrie apewe mto mzuri wa manyoya kwa gharama ya jimbo, ili awatumikie watu wake ipasavyo. Mwakilishi wa kiwanda alikuja kuiunga mkono, akaisifu sana. Kila mbunge akabonyeza ndiyo, isipokuwa Colette, aliyekuwa amelala.