Asivuke Mlango Wangu

"Mara ya tatu hii, Barnabas! Ya tatu! Nikirudi kesho utaniambia nini? Kwamba mama amesafiri?"

"Punguza sauti. Kuna mgonjwa ndani."

"Najua kuna mgonjwa ndani, ndiye niliyemjia! Ama unadhani nimetoka Minjila na jua hili kuja kutazama tumbo lako?"

Ni Teresia. Miaka kumi na minne sijaisikia sauti hiyo, na nimeijua kabla hajamaliza neno la pili. Ni binti yangu, amesimama barazani, hatua sita kutoka kitandani pangu. Najua ni sita kwa sababu siku waliyonitoa zahanati Barnabas alinibeba mgongoni kutoka mlangoni hadi hapa, nami nilizihesabu. Sikuwa na kazi nyingine.

Kiharusi kilinipiga siku kumi na moja zilizopita. Upande wa kulia umekufa wote, na ulimi nao. Masikio hayakufa. Watu huona mtu hasemi wakadhani hasikii, kwa hiyo nimesikia mengi. Nimemsikia muuguzi akimwambia mwanangu, "Ni siku chache tu, mpeni mnachoweza." Nimesikia wanawake wa kanisani wakigawana nani atapika nini siku ya mazishi. Walimaliza kila kitu kasoro chumvi.

Lakini Teresia sikumsikia. Siku ya kwanza nilingoja. Siku ya pili nilingoja. Alikuja jirani wa zamani kutoka Wenje, kijiji chetu cha kale, ambaye tuligombania naye mpaka wa shamba hadi kwa chifu, akakaa, akanishika mguu, akalia. Teresia hakuja. Kutoka Minjila ni mwendo wa boda boda tu. Siku ya sita nikajiambia basi, nimetupwa. Nimezaa kwa uchungu wa siku mbili, nikalea, na huyo niliyemzaa hakuona haja ya kuja hata kunichungulia. Nililia kwa jicho moja, lile la kushoto. La kulia halitoi kitu.

Kumbe amekuja. Mara tatu, mbili nikiwa usingizini, na mara tatu amerudishwa mlangoni.

Naita. Nakusanya pumzi yote niliyo nayo na kuita jina lake. Kinachotoka ni mlio wa ng'ombe aliyekwama matopeni.

"Unasikia?" Barnabas anasema huko nje. "Umemsumbua."

"Ananiita!"

"Hamwiti mtu. Ndivyo anavyofanya mchana kutwa."

"Kaka, nisikilize. Dakika moja. Niingie, nimshike mkono, nitoke. Simama hapo unihesabie."

"Teresia, wewe ulikuwepo. Ulisikia kwa masikio yako. Na mimi nilikuwepo."

Ni kweli. Wote wawili walikuwepo, na mimi ndiye niliyesema.

Ilikuwa Wenje, mwaka ule wa ukame. Mpunga wangu ulikuwa umeanza kutoa masuke, shamba lote la ukingoni, miezi minne ya mgongo huu. Ng'ombe wa Dida, mume wa Teresia, waliacha malka, ile njia ya mifugo ya kushukia mtoni kunywa maji, wakaingia shambani alfajiri. Jua lilipotoka palikuwa pamebaki tope na kinyesi. Kwamba Teresia aliolewa na mfugaji, akabadili dini, akaitwa Mashavu, hilo nilikuwa nimelimeza, ingawa lilinikwaruza koo. La mpunga sikulimeza.

Jioni yake akaja mwenyewe, anavuta ndama jike kwa kamba. "Mama, Dida anaomba msamaha. Chukua huyu, atakufaa." Nilimchapa ndama fimbo ya uso. Kisha nikasimama mlangoni kwangu, nikafungua kanga mbele ya Barnabas na majirani, nikashika ziwa langu la kushoto. Nikasema, "Kwa ziwa hili ulilonyonya, Teresia, usivuke mlango wa nyumba ninayolala, niwe hai niwe maiti. Na atakayekufungulia, maziwa yangu yamtokee puani, yeye na watoto wake."

Kwetu mama akishika ziwa hakuna anayeleta mzaha.

Nilidhani atapiga magoti. Angepiga magoti, ningelia na kumkumbatia palepale, na ng'ombe wangesahauliwa. Hakupiga. Alimgeuza ndama wake akaenda zake, mgongo umenyooka, kiburi kilekile nilichompa mimi. Mwaka wa kwanza nilingoja arudi kuomba. Mwaka wa pili nilijifanya singoji. Baadaye nikazoea, kama mtu anavyozoea mwiba uliofunikwa na nyama. Mafuriko yalipobeba nyumba ya Wenje na shamba likawa mto, Barnabas akanileta kwake hapa Garsen, nami nikaja na maneno yangu kama mtu aliyeokoa sufuria.

Kuyaondoa ilikuwa kazi ndogo. Mama hutia maji mdomoni, humtemea mtoto kifuani, husema nimekusamehe, imekwisha. Ningeweza siku yoyote. Nilikuwa na ulimi wakati huo.

"Maneno ya hasira!" Teresia anasema. "Mtu analiwa mpunga wake, anasema lolote. Tangu lini wewe ukamtii mama? Alikukataza kuogelea pale penye mamba, ukaogelea. Alikukataza kumwoa Maurine..."

"Mimi nimetajwa?" Sauti ya Maurine, mke wa Barnabas, inatoka jikoni. "Alikataa nini? Leo ndio nasikia."

"Alisema una mdomo, wifi."

"Ah. Hilo sawa."

Nusura nicheke. Nilisema hivyo kweli. Na ni mdomo huo unaoniambia kila asubuhi, "Mama, geuka, usinifanye nikubebe kama gunia la mahindi," huku unanigeuza taratibu mgongo usitoke vidonda.

Barnabas hacheki. Anashusha sauti, na ninalazimika kuacha kupumua ili nimsikie.

"Nimezika watoto wawili, Teresia. Unajua. Hukuja mazishini kwa sababu nyumba ni hii anayolala mama, nami sikukulaumu. Nimebaki na Jasper peke yake. Jana alitoka shule kichwa kinamuuma, nikakesha kando yake. Sasa unataka nikufungulie mlango, nijaribu maneno ya mama kwa huyo mmoja niliyebaki naye? Siwezi. Niite mwoga, sawa. Siwezi."

Ninalala hapa nikitazama bati, na najua jambo ambalo hakuna aliyenitamkia: kila mtoto aliyezikwa, mwanangu alikwenda kuwauliza wengine kama ni maneno yangu yaliyomla. Hakuniuliza mimi. Alinipa chai, akanifulia kanga, akaniogopa.

"Yeye aliyasema," Barnabas anaendelea. "Yeye ndiye wa kuyaondoa. Atamke tu, na mimi mwenyewe nitakushika mkono nikuingize."

"Atatamkaje na hasemi?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi ndiyo hivyo."

Pazia linavutwa. Maurine anaingia, mikono ina unga, ananiinamia usoni. Anachukua mkono wangu wa kushoto, ule ulio hai.

"Mama. Unasikia haya makelele? Nisikilize vizuri. Ukitaka Teresia aingie, nifinye."

Ninamfinya. Ee Mungu, ninamfinya kwa nguvu nilizolimia, nilizopigia kasia, nilizokamulia nguo za maji ya mto. Natazama vidole vyangu vikijikunja juu ya vyake kama vya mtoto mchanga.

"Amefinya!" Maurine anapaza sauti. "Barnabas, amefinya! Mungu wangu shahidi!"

"Hufinya kila wakati," Barnabas anajibu kutoka nje, amechoka. "Jana ulimuuliza kama anataka uji, akafinya. Ukamletea, akautema wote. Muuguzi alisema ni mishipa tu inajivuta."

"Uji ulikuwa wa moto!"

"Maurine."

"Nasema uji ulikuwa wa moto, ndiyo maana alitema!"

"Maurine, mtoto ni wako pia."

Maurine anautua mkono wangu juu ya shuka, anaupangusa unga alioupaka. "Nisamehe, mama," ananiambia polepole, na kusukuma kiti kibane ubavuni mwa kitanda nisije nikaanguka. Anatoka kupitia jikoni bila kunitazama.

Nje Teresia anavuta kamasi. Haombi tena. Sauti yake imekuwa ya mtu anayekusanya vitu vyake.

"Nimeleta maziwa. Kibuyu hiki hapa. Nimekifukiza vizuri. Mtieni hata kijiko kimoja mdomoni. Ni ya ng'ombe mjukuu wa yule ndama aliyempiga fimbo. Mwambie hivyo, kama anasikia. Mwambie alikuwa ndama mzuri, alitulisha miaka yote."

"Nitamwambia."

"Na mwambie Najla wangu amefika darasa la sita. Ana pua yake. Asipokubali mwambie ni mimi nimesema uongo, hilo atakubali."

"Nitamwambia, Teresia."

"Sirudi tena, kaka. Si kwa hasira. Nimechoka kusimama hapa kama mtu anayeomba maji."

Harufu ya maziwa inapita chini ya pazia. Moshi, na ng'ombe, na majani. Harufu niliyokuwa nikiizibia pua mfugaji yeyote akipita karibu nami. Sasa ningeilamba sakafuni.

"Mama Najla, twende!" kijana wa boda boda anaita barabarani. "Nina mteja mwingine pale stendi!"

Pikipiki inawashwa.

Kwa hiyo ndivyo itakavyokuwa. Ataondoka, mimi nitakufa leo au kesho, watanizika, na yeye atasimama mbali na jeneza kwa sababu nilisema hata maiti. Atarudi Minjila akiamini mamake alilala siku kumi na moja akimkataa. Na Barnabas atakesha kando ya Jasper kila kichwa kitakapomuuma, mpaka azeeke.

Nilisema yeye asivuke. Sikusema mimi nisitoke.

Naupeleka mkono wa kushoto kwenye kiti cha Maurine. Nakisukuma. Hakiendi. Nakisukuma tena kwa kiwiko, kinakwaruza saruji, kinaacha nafasi ya upana wa mtu mwembamba, nami nimekuwa mwembamba. Nashika ukingo wa godoro na kujivuta mpaka nusu ya mwili iliyo hai inaning'inia. Nusu iliyokufa inakataa, kisha inakuja yote kwa mkupuo.

Naanguka kama mzigo. Bega, kisha shavu. Damu mdomoni. Hakuna aliyesikia, pikipiki inanguruma.

Hatua sita. Nachomeka vidole kwenye ufa wa saruji, navuta. Kiwiko, navuta. Nguo imebaki nyuma, imenasa kwenye mguu wa kitanda, iache ibaki. Hii ni moja. Mkono huu umevuta mtumbwi uliojaa ndizi dhidi ya maji ya mto, hautashindwa na mifupa. Mbili. Pumzi inakatika, nalaza uso chini, saruji ni baridi na ni tamu kulala hapa. Teresia anamwambia Barnabas kwaheri. Tatu. Nne. Pazia linanifunika uso, nalishika, nalivuta, fimbo yake inaanguka na pazia lote juu yangu.

"Mama!" Maurine anapiga kelele nyuma yangu. "Barnabas! Mama yuko chini!"

Mlango unafunguka wote. Jua linanipiga. Naiona miguu ya Barnabas, viatu vya mpira, na mikono yake inashuka kunibeba, kunirudisha.

Namuuma. Nina meno matano, namuuma kidoleni kwa yote matano, anautoa mkono wake.

"Mwache!" Maurine analia. "Mwache, huoni anatoka? Anatoka mwenyewe!"

Tano. Kizingiti kinanikwangua kifua, kinalikwangua ziwa lilelile. Kichwa kiko nje. Mkono uko nje. Mbele yangu kuna kibuyu cha maziwa, na nyuma ya kibuyu miguu miwili yenye vumbi, kidole kikubwa cha kushoto kimepinda tangu alipoangukiwa na mchi akiwa na miaka minne. Imesimama pale barazani, haijavuka. Haisogei hata kidogo. Hata sasa ananitii.

Nageuka ubavu na kushika goti langu la kulia, lililokufa, kwa mkono ulio hai. Nalivuta. Sitaki kubakiza kitu ndani. Paja linapita, goti linapita, kisigino kinagonga kizingiti kisha kinaanguka upande wa nje. Sita.

Pikipiki imezimwa. Teresia amepiga magoti, anasema mama, mama, mama, na hakuna neno jingine.

Sina maji mdomoni. Nina mate na damu. Nayakusanya yote mbele ya meno, nashika dera lake, najiinua kadiri mkono unavyoweza, na mbele ya macho ya Barnabas, namtemea binti yangu kifuani.