Kofia ya Mabua ya Wimbi

Wewe unayenisikiliza, ungemchagulia zawadi gani mwanamume ambaye huruhusiwi kumtazama usoni?

Hilo ndilo swali nililosimama nalo katika duka la Mhindi pale Kericho, maji ya mvua yakinichuruzika miguuni, na rafiki yangu Ajwang kando yangu akinisukuma kwa kiwiko.

"Chagua basi, Bilhah. Huyu mzee anadhani tumekuja kujikinga mvua."

Mbele yangu kulikuwa na blanketi za kijivu, zimekunjwa zikapangwa hadi karibu na dari. Kulikuwa na fulana nyeupe, taulo zenye mistari myekundu, na miche ya sabuni iliyonukia hata kabla hujaifikia. Kila nilichogusa nilikiacha. Blanketi ni mambo ya kitanda. Fulana ni kifua cha mtu. Taulo na sabuni, hayo ni ya kuoga, na mkamwana aliyelelewa vizuri hampi baba mkwe wake kitu cha kuogea mbele ya watu.

"Hakuna kitu hapa," nikasema.

"Duka imejaa mpaka juu na hakuna kitu?" Ajwang akacheka hadi mwenye duka akainua kichwa. "Yawa! Nyinyi watu wa Kisii mtakufa na heshima."

Tukarudi mikono mitupu, tukitembea kando ya barabara ya matope mekundu, yeye anacheka, mimi nalia kidogo.

Tulikuwa tunaishi kwenye shamba la majani chai upande wa Kimulot, mahali ambapo msitu wa Mau ulisimama kama ukuta mweusi nyuma ya mashamba. Ilikuwa miaka michache baada ya nzige. Nilikuwa nimeletwa pale bibi harusi mbichi kabisa, mke wa Momanyi, aliyekuwa akichochea moto wa kukaushia majani kiwandani. Baba yake, mzee Nyamweya, alikuwa mpasua kuni wa kiwanda hicho hicho. Mama mkwe sikumkuta. Alikuwa amekwisha kufa. Basi familia nzima ilikuwa sisi watatu, katika laini moja ya nyumba zilizopakwa chokaa, mlango baada ya mlango chini ya paa moja refu.

Nyapara wetu, Atuti, alikuwa amewapa baba na mwana vyumba vilivyopakana. Siku niliyofika, mzee alikwenda kwake akaomba ahamishwe mwisho kabisa wa laini, kule kwenye bomba la maji. Baba atalalaje mahali ambapo kitanda cha mwanawe kiko nyuma ya ukuta wa udongo? Hilo nililielewa, maana kwetu ni hivyo. Lililonitesa ni kimya chake. Tangu nije, hakuwa amenitamkia neno. Akija njiani anakohoa kutoka mbali. Mimi nageuka, navuta leso, natazama chini mpaka apite. Niliijua miguu yake kuliko uso wake. Kidole gumba cha mguu wa kulia hakikuwa na ukucha, na visigino vilikuwa vimepasuka kama gome la mti.

Nililelewa na bibi yangu, na bibi yangu alinifunza heshima mpaka ikanikaa mifupani. Lakini kimya ni kitu kibaya ukiwa mgeni. Unakijaza na lile unaloliogopa. Mimi niliogopa kurudishwa nyumbani. Wake wengi wa wafanyakazi waliachwa huko Kisii walime, wakamwona mume mara moja kwa muda mrefu. Neno moja la mzee lingetosha: huyu msichana aende akashike jembe. Na mimi nilimpenda Momanyi, na harufu ya moshi katika shati lake. Nilizipenda hata zile asubuhi za ukungu tunapoingia kwenye majani chai, sketi zimelowa umande hadi kiunoni, vidole vinakata majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, huku Ajwang akisengenya dunia nzima katika mstari wa pili.

Sasa mambo ya zawadi yaliletwa na Kepher. Huyu alikuwa karani, Mjaluo wa kando ya ziwa, na ndiye aliyetuongoza katika kanisa letu dogo. Alikuwa ameona Wazungu kwenye klabu yao wakipeana zawadi za Krismasi kwa kura, na akasema na sisi tutafanya. Wengi wetu hawakujua kusoma, kwa hivyo kila mtu alileta kitu chake kidogo cha kumtambulisha, tukatia vyote katika kikapu cha kuchumia. Ajwang alitia ushanga. Atuti alitia kamba ya filimbi yake. Mimi nilitia kifungo. Unafumba macho, unaingiza mkono, na mwenye kitu utakachotoka nacho ndiye utakayempa zawadi.

Nilitoa kibanzi cha blugam, ule mti wa kuni za kiwanda, kibichi bado, kinanukia dawa ya kifua.

Hakuna aliyehitaji kuniambia ni cha nani. Nilimfuata Kepher nyuma ya stoo.

"Kaka Kepher, nimechukua ya baba."

"Baba gani?"

"Baba mkwe."

Alitaka kucheka, kisha akaniona uso. "Dada Bilhah, ndani ya kanisa sisi wote ni ndugu."

"Ndani ya kanisa, ndiyo. Na tukitoka nje?"

"Mungu ndiye ameongoza mkono wako."

"Basi angeniuliza kwanza," nikasema, na nikaona haya kwa kumjibu Mungu namna hiyo.

Lakini nitasema ukweli: chini ya hofu kulikuwa na furaha ndogo. Mtu asiyeweza kusema kwa mdomo, labda zawadi itamsemea. Labda mzee ataishika na kuona kwamba huyu mtoto wa watu si mzigo.

Nikaanza upelelezi. Mpelelezi wangu alikuwa Ajwang, kwa sababu ndiye aliyempelekea mzee chakula. Jioni Momanyi alikuwa kwenye moto wake, watoto hatukuwa nao bado, na bibi yangu alinionya kwamba mkamwana hasogelei mlango wa baba mkwe. Mimi napika, nafunika, nampa Ajwang.

"Anakosa nini kule ndani?" nikamwuliza tukiwa tunachuma.

"Anakosa mke."

"Ajwang!"

"Si wewe umeuliza? Ana kitanda, ana kiti, ana shoka mbili na Biblia ambayo hawezi kusoma. Nikifika anasema 'weka hapo.' Naweka hapo. Unataka nikwambie nini zaidi, kwamba tunacheza ngoma?"

Jibu lilinijia kutoka juu. Alasiri moja, kama kawaida ya huko, mbingu ilijifunga ghafla ikaanza kutupiga kwa mvua ya mawe. Sisi wachumaji tulimwaga majani tukavaa vikapu vyetu vichwani, tukachuchumaa katika mistari tukilia na kucheka, mawe yakigonga juu ya vikapu kama mtama unaomwagwa. Kutoka pale nilimwona mzee Nyamweya akipanda kutoka shamba la kuni, gunia kichwani, shoka begani. Gunia lilikuwa limelowa limekuwa kitambaa tu. Alipopita chini yetu niliona damu ikimtiririka karibu na sikio. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda kwa ugomvi wake mwenyewe.

Kofia, nikasema. Kichwa si mwili wa siri. Kichwa kila mtu anakiona.

Duka lilikuwa na kofia za Kizungu, lakini hizo hazikuwa za watu kama sisi, na mimi nilitaka kitu cha mikono yangu. Tatizo ni kwamba nilijua ufumaji wa aina moja tu, ule wa vikapu vidogo vya kuwekea ugali, vya mabua ya wimbi, vilivyobana vizuri. Nilikwenda ng'ambo ya mto kwa mama mmoja Mkipsigis aliyekuwa amevuna wimbi, nikamwomba mabua.

"Wimpi yenyewe hutaki, unataka nyasi?" akashangaa. "Ng'ompe yako iko wapi?"

"Si ya ng'ombe, mama. Ni ya baba mkwe."

Alinitazama muda, akamhurumia mzee huyo, akanipa mzigo mzima.

Nilifuma kila Jumapili baada ya ibada, nimekaa kwenye baraza ya Ajwang, nimegeuzia mgongo upande wa bomba. Nilifuma juu kwa duara, nikashuka pembeni, mikono ikienda yenyewe kama ilivyozoea, na nilipofika mwisho nikakumbuka kwamba kofia ina ukingo. Nikaongeza ukingo. Ajwang aliizungusha mkononi.

"Hii ni kofia," akasema. "Nikiambiwa, nitaamini."

Siku ya Krismasi tulikusanyika kwenye nyasi mbele ya stoo. Mvua ilikuwa imetusamehe. Orina, fundi wa mashine, alimpa Ajwang kioo cha mkononi, na tangu saa hiyo hatukumpata tena Ajwang. Alikuwa anazungumza na kioo. Mimi nilipewa na Nyatichi, mama mmoja wa kwetu Kisii, sindano na donge la uzi mweusi, ambao ulinishonea nguo za watoto wangu wa kwanza. Kisha Kepher akaita jina langu.

Nilikwenda nikitembea upande kama kaa. Nikaweka kofia juu ya nyasi, nikarudi nyuma, nikapiga magoti. Niliona kidole kile kisicho na ukucha kikija, kikasimama. Na hapo, nisamehewe na bibi yangu, niliinua macho.

Mzee alikuwa ameichukua akaigeuza, mdomo wa kofia ukatazama juu. Aliingiza mkono ndani akapapasa chini kwa vidole. Aligonga ubavu wa kofia kuona ulivyobana. Akaileta puani akanusa mabua. Na akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la Momanyi kabisa, lenye pengo upande mmoja, na sikuwahi kujua Momanyi alilitoa wapi.

"Vaa, mzee!" Atuti akapiga kelele. "Ni kofia hiyo!"

"Kikapu cha ugali kimepandishwa cheo!" mwingine akadakia, na watu wakavunjika mbavu.

Tabasamu la mzee likabaki kidogo, kama mtu aliyeitikia wito kumbe anaitwa jirani. Kisha likaondoka. Akaipindua kofia, akaivaa, ikamshuka hadi kwenye nyusi. Akarudi kukaa mahali pake, mgongo umenyooka.

Aliivaa kila siku. Jua, mvua, kanisani mpaka mlangoni. Walimcheka mpaka wakachoka, na baadaye wapasua kuni wengine wakaja kuniuliza kama naweza kuwafumia. Ningefurahi, lakini sikuweza kulisahau tabasamu lile lililozimika. Nilimwambia Momanyi.

"Baba amevaa," akasema. "Unataka aipigie magoti?"

"Kuna kitu alifikiri, kisha kikawa si hicho."

"Basi hilo ni jambo lake." Akageukia ukuta akalala.

Zikaja mvua ndefu. Jioni moja Ajwang alishikwa na homa, meno yanagongana chini ya blanketi. Nilikuwa nimepika, sahani iko mkononi, na hakuna mtu wa kumpa. Nilisimama mlangoni nikamfikiria bibi yangu. Katika boma lake kulikuwa na mashangazi, wake wenza, watoto wa kutumwa huku na kule. Heshima yake ilikuwa na mikono mingi ya kuibeba. Mimi hapa nilikuwa na mikono yangu miwili, na mzee mwenye njaa mwisho wa laini.

Nikafunika sahani, nikakimbia.

Mlangoni nilikohoa, kama anavyokohoa yeye. Ndani mtu akakohoa kunijibu.

"Weka hapo, Ajwang."

"Ajwang ni mgonjwa, Baba. Ni mimi."

Mvua ilikuwa inapiga paa. Nikasikia kiti kikiburutwa. Aligeuka akanipa mgongo ili mimi niweze kuingiza mkono. Niliweka sahani ndani ya kizingiti nikarudi nje chini ya ukingo wa paa. Hakungoja niondoke. Alinyoosha mkono nyuma akavuta sahani. Nilisikia akifunua, kisha nikasikia akipuliza vidole, fuu, fuu, kama mtoto aliyeungua, na akaendelea kula, kwa haraka, tonge baada ya tonge.

Ilinipasa kwenda. Miguu ilikataa.

"Baba," nikasema nikitazama chini. "Ile Krismasi. Ulikuwa unataka nini?"

Alitafuna mpaka akameza. "Kofia ni nzuri."

"Najua, Baba. Lakini ulikuwa unataka nini?"

Sijui nilitoa wapi ule ujasiri. Kwa pembe ya jicho niliona mabega yake yakitikisika, nikaogopa, mpaka nikajua kwamba anacheka.

"Momanyi aliniuliza kama urudi nyumbani ukalime," akasema akiuambia ukuta. "Nikamkatalia. Nikamwambia huyu abaki, anapika vizuri. Hata ikifika kwangu imepoa imekuwa jiwe, najua ilipikwa vizuri." Akapuliza tonge lingine. "Huyo Ajwang ni mtu mwema, lakini hawezi kupita mlango bila kusalimia. Na mimi nitamwambiaje mke wa mtoto wangu mambo ya chakula? Sasa nilipoona ile kitu yako pale kwenye nyasi, imefumwa vile, nikafikiri ni ya kuwekea ugali. Nikasema, ameelewa bila kuambiwa."

Mvua ilikuwa inanipiga bega moja. Sikusogea.

"Nilikuwa nataka ugali ya moto, mwanangu," akasema. "Hiyo tu."