Mkia wa Lyngkær

Usharika wa Lyngkær uliunganishwa na wa Nørhede ingawa watu wa Lyngkær walipiga kura ya kukataa. Mimi na Bjarke, waandishi wa programu ofisini Nørhede, tukapewa faili la data la XML lenye makaburi yote ambayo muda wake wa kulipiwa umekwisha. Programu yetu ya kompyuta, iliyoandikwa kwa Python, ilitakiwa ilisome na kuchapa barua za kuwauliza jamaa: mnaendelea na kaburi, au liondolewe? Kaburi lisilojibiwa hadi Pasaka, jiwe lake hung'olewa.

Programu ilikataa. Ilisema kuna takataka baada ya mwisho wa waraka.

Bjarke akaufungua mstari uliotajwa. "Waraka umefungwa hapa. Kilichobaki ni mkia tu. Ukate, tukale."

Gudrun, karani aliyetujia kutoka Lyngkær, alikuwa nyuma yetu akimimina kahawa. Akainama kusoma.

"Huo mkia ni watu wetu," alisema. "Wa tatu hapo ni Aksel, mume wangu."

"Samahani, Gudrun. Si mimi niliyewaita takataka, ni mashine."

"Mashine imesema tu. Mkasi umeushika wewe."

Bjarke akawa mwekundu masikioni.

XML huruhusu mzizi mmoja tu, yaani jozi moja ya alama inayofunika waraka wote. Aliyeunganisha sharika alibandika faili la pili chini ya la kwanza, kila moja na mzizi wake, kwa hiyo programu ilipomaliza Nørhede ilidhani kazi imekwisha. Sikulieleza hilo kwa sauti. Niliandika alama moja ya kufungulia juu kabisa na ya kufungia chini kabisa, sharika zote mbili zikawa ndani.

"Na huyo wa juu anaitwa nani?" Gudrun aliuliza, akionyesha alama ya juu. "Akiitwa Nørhede, naondoka na kahawa yangu."

"Makaburi," nilisema. "Makaburi tu."

"Hilo hata Lyngkær wangelipigia kura."

Safari hii programu ilisoma hadi mwisho, na printa ikaanza. Gudrun hakungoja posta. Aliichukua barua ya Aksel ingali na joto, akaisoma yote, ingawa maneno ya barua hizo zote aliyatunga yeye mwenyewe kama karani.

"Nikujazie kabisa kwamba unaendelea?" Bjarke aliuliza.

"Usinijazie kitu. Nina hadi Pasaka." Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. "Nilitaka niulizwe kwanza."