Utepe Mmoja wa Valerian

Valerian alipomwona Mbuke anavuka soko la Kahama na kifurushi cha kanga kifuani, alitamani ardhi ipasuke immeze. Wapi! Mama wa watu akaingia dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Generoza. Nimekuletea kazi."

Ndani ya kanga mlikuwa na santuri ya Bujiku, mwanawe, aliyefukiwa ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu, kule Geita mwezi uliopita. Valerian ndiye aliyeitoa, mwaka sabini na moja, nakala mia tatu, jina la duka lake katikati. Zote zilikwisha miaka minne sasa.

Mbuke akaiweka kwenye gramafoni. Sauti ya Bujiku ikatoka safi, mpaka pale anapojitamba kwa Kisukuma yeye ni mwana wa nani: "Nene ng'wana..." Sindano ikaruka. Jina la mama yake halikusikika.

"Nimepachakaza mwenyewe," Mbuke akasema. "Tangu msiba narudisha sindano hapo hapo, asubuhi na jioni, nisikie ananitaja. Sasa itoe upya. Moja tu."

Moja tu! Jamani, watu wanadhani santuri inakaangwa kama chapati. Valerian akaeleza mbio mbio, maana kunyamaza kulimtisha zaidi. Kiwanda kiko Nairobi, na hawawashi mashine kwa chini ya mia tatu. Chuma cha kugandamizia ule wimbo walishakiyeyusha. Na hizo mia tatu angemuuzia nani, wakati waliompenda Bujiku walishanunua? Mwenye duka dogo akirudia santuri ya zamani, anaishia kulalia maboksi.

"Nina ng'ombe wanne, uza wote," Mbuke akasema. "Mia tatu nitazitembeza mwenyewe minadani. Chuma watatengeneza kingine. Si ule utepe ulionasa sauti yake unao?"

Utepe ulikuwapo, ndani ya kopo la biskuti juu ya rafu. Ulikuwa huo huo mmoja, tangu afungue duka. Kila kikundi alikirekodi juu ya kilichotangulia, na hakuwahi kuona ubaya wake mpaka leo.

"Mama, nisamehe. Nilimfuta. Sikuweza kununua utepe mwingine."

Mbuke hakulia, na heri angelia. "Juu yake umeweka nani?"

"Kwaya ya Ushirombo."

"Washa."

Valerian akawasha kinasa sauti. Kwaya ikaimba. Mbuke akasogeza sikio karibu kabisa, akamtafuta mwanawe nyuma ya sauti zile, wimbo baada ya wimbo, mpaka utepe ukaisha.

"Wanaimba vizuri," akasema. "Mama zao wako hai?"

"Wako hai."

"Basi hawa usiwafute, baba."

"Siwafuti, mama. Haki ya Mungu."

Akaurudisha utepe koponi, akaifunga santuri kwenye kanga kwa mikono yake mwenyewe, akamsindikiza mpaka kwenye basi, akasimama pale mpaka vumbi likatulia. Aliporudi alikuta wapiga ngoma wa Chato wamekaa barazani na ngoma zao. Walikuwa wamesafiri siku mbili waje kurekodi.

Valerian akawakaribisha ndani. Akafungua lile kopo la biskuti, akaurudisha utepe mwanzo, tayari kuwarekodi.