Kibali cha Kwenda Newala kwa Miguu

Likizo ya Juni ya mwaka ule wa Azimio ilipokaribia, mwalimu Justa alimwambia mwenzake Lois kwamba anataka kwenda Newala kwa miguu.

"Kwani basi limeharibika?" Lois aliuliza.

"Basi lipo. Nataka kutembea tu. Tubebe shanta, tulale njiani, tufike ukingoni kule juu tuuone mto Ruvuma. Kipupwe hiki hakuna jua kali wala matope. Tusipokwenda sasa, lini?"

Justa alikuwa mtu wa Bukoba, amepangiwa kufundisha Masasi. Lois alizaliwa Lulindi, mjukuu wa mchungaji wa misheni, na njia za miguu za huko alizijua tangu utotoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema atakwenda.

Kazi ikawa kibali. Ng'ambo ya Ruvuma vita ya Msumbiji ilikuwa imepamba moto, na msafiri hakuruhusiwa kuranda karibu na mpaka bila karatasi ya wilaya. Mwenye kuziandika alikuwa Bwana January, mtu mzima kutoka Sumbawanga, mnene, mpole, asiyependa kuinuka kitini.

"Shikamoo, Bwana January."

"Marahaba, walimu. Safari ya nini?"

"Kutembea," alisema Justa.

"Kumtembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu. Kutembea."

January akaweka kalamu mezani. "Mwalimu, mtu anayetembea bila kwenda kwa mtu, ama amepotea ama ni mpelelezi. Mmepotea?"

"Bado."

Akawarudisha. Walete sababu inayoeleweka, na kila mahali watakapolala wataje mwenyeji wao.

Jioni hiyo walikaa jikoni kwa Lois kupanga upya. Suala la wenyeji halikuwasumbua. "Lulindi tutalala kwa mama," Lois alisema. "Chini ya mlima, kwa shangazi Bibiana. Juu, kwa shangazi Anastasia."

"Unao kweli hao?"

"Bibiana ninaye. Anastasia tutamtafuta tukifika."

Sababu waliipata redioni. Vijana nchi nzima walikuwa wakitembea kwa miguu kuunga mkono Azimio la Arusha. Justa na Lois wakatazamana: nao wangetembea kwa ajili ya Azimio.

Kesho yake January aliposikia neno Azimio alisimama wima, akagonga muhuri, akaandika majina yao wawili, kisha akaenda mwenyewe kumpasha habari Eria Kamishna, mkuu wa wilaya. Alirudi amenywea.

"Amefurahi sana," alisema. "Amesema walimu wetu wasiende kama yatima. Niwaongoze mimi."

Basi wakaondoka watatu, January akiwa na viatu vya ofisini na mkoba wa ngozi. Kabla hawajafika Lulindi alikuwa anachechemea. Lakini habari ilikuwa imewatangulia: kwaya ya kanisa ilikuwa barabarani, ngoma zinalia, akina mama wanapiga vigelegele. Justa, aliyetamani siku chache za ukimya, akasukumwa mbele atoe hotuba ya kujitegemea huku chakula chake kinapoa. Alisema maneno machache akakwama. January akampokea, na hapo malengelenge yote yakamtoka akilini. Alihutubia mpaka watoto wakalala.

Kila kijiji ikawa hivyo. Kwa shangazi Bibiana walizawadiwa jogoo, na jogoo wa kuunga mkono Azimio hakataliki. Justa akambeba kwapani. Walipoanza kupanda mlima ndani ya ukungu, January alisimama kila kona, akidai anakagua mazingira.

Juu kabisa palikuwa na kizuizi. Sajini Isaka, aliyevaa koti refu linalogusa viatu, alikisoma kibali polepole.

"Justa. Lois. Na huyu?"

"Mimi ndiye niliyekiandika," January alisema.

"Jina lako silioni."

"Sahihi hiyo ni yangu!"

"Naona sahihi. Nimeuliza jina." Sajini akawageukia walimu. "Mnamfahamu?"

"Tumetembea naye," Lois alijibu, uso mkavu kabisa.

January akaachama. Justa akaona haya, akaeleza kwamba ni ofisa wa wilaya na ametumwa. Sajini alisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema bwana mkubwa atasubiri hapo mpaka simu ya Masasi ipatikane. Akampa kigoda karibu na moto, blanketi, na sahani ya ming'oko, viazi mwitu vya huko, iliyochemshwa. Justa akamwachia jogoo.

Wawili wakaendelea bila ngoma. Mwanamke wa kwanza waliyemwomba hifadhi aliitwa Adija. Alipoelezwa shida yao alicheka, akakubali kuwa shangazi Anastasia mpaka asubuhi.

Kulipopambazuka aliwapeleka ukingoni. Upepo ulikuwa mkali, wakajifunga blanketi moja. Ruvuma ilionekana chini kabisa, nyembamba kama uzi. Ng'ambo yake moshi ulipanda juu, mweusi. Justa alitaka kuuliza kama ni shamba linachomwa au ni kijiji, akashindwa. Adija alitazama kidogo, kisha akasema chai itapoa.

Waliporudi kizuizini walimkuta January amesimama juu ya gogo, askari na wanakijiji wamemzunguka, anahutubia. Simu ilikuwa imepatikana tangu jana. Aliteremka kuwasalimu, miguu peku, amechangamka kama bwana harusi.

"Tangulieni tu," alisema. "Leo nina mkutano hapa, na kesho Tandahimba wameniomba."

"Kibali cha Tandahimba umepewa na nani?" Lois aliuliza.

"Nimejiandikia. Halafu, mwalimu Justa, subiri kwanza uwaambie watu maneno mawili matatu..."

Lois alimvuta mwenzake mkono, wakaanza kuteremka mlima mbiombio, shanta zikiwagonga migongoni.