Puma Katika Mpunga wa Jego

Kutoka ng'ambo ya shamba la Jego, Tofiki ndiye aliyemwona kwanza: mgongo wa rangi ya mchanga, umelala bapa kwenye tuta, nyuma ya mama mkwewe. Bi Biasha alikuwa ameinama akikata mashuke ya mpunga kwa kisu, hana habari.

"Simba jike!" jirani yao Rai alinong'ona, panga mkononi. "Mama na ajilaze, atampita."

"Akijilaza ameliwa," alijibu Tofiki. " Yule si simba, ni puma wa Marekani. Nilikuwa nikimlisha kule Diani kwa tajiri mmoja, kabla hajavunja kizimba."

"Simba, puma, si wote ndugu?"

"Ndugu gani! Kule kwao ndugu wa simba na chui ni jagwa, yule paka mkubwa wa madoa, na wa tajiri angali kizimbani. Huyu damu yake ni ya duma. Hata paka wako wa jikoni yuko karibu naye kuliko simba. Kunguruma hajui. Nikisimama wima alikuwa akirudi nyuma. Nikiinama kuokota ndoo, huyo, mbio mpaka kwenye nondo za kizimba, anirukie!"

"Basi mwambie asimame!"

Tangu amwoe Nusaiba, binti wa Bi Biasha, Tofiki hajapata kumtazama mkwewe usoni, sembuse kumpazia sauti. Ncha ya mkia wa puma ikaanza kuchezacheza.

"Mama! Simama!"

Bi Biasha aligutuka. Kusikia sauti ya mkwe, akajitanda leso usoni na kuzidi kujikunyata. "Astaghfirullahi! Wanifokea mimi, Tofiki? Mbele ya watu?"

Puma akatambaa, tumbo likigusa matope.

"Simama nakwambia! Huna masikio?"

Hasira ndiyo iliyomwinua. Alisimama wima, leso kaitanua kwa mikono miwili. "Mwana mlaaniwa! Binti yangu nimempa—"

"Geuka! Usikimbie!"

Akageuka. Macho yake yakakutana na ya puma. Matusi yalikuwa yamekwisha kufika mdomoni, akamtapikia mnyama yote. Puma alifyonya kama paka aliyemwagiwa maji, akarudi kinyumenyume, akapotelea kwenye matete.

Tofiki akafika akihema, akainamisha kichwa mbele ya mkwewe. "Nisamehe, mama."

"Usiiname!" alifoka Bi Biasha, macho hayabanduki kwenye matete. "Simama hapa kando yangu. Na upige kelele."