Namba Nyekundu za Mtaa wa Wafumaji

Watu wa manispaa walikuja Jumanne asubuhi, watatu, na utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Hawakubisha hodi. Mehrunnisa alikuwa kwenye mtambo wake wa kufumia, akimalizia sari ya harusi ya watu asiowajua, aliposikia brashi ikipita mlangoni. Alipotoka akakuta namba: 17.

"Ya nini hii?"

"Hesabu tu, mama," mwenye brashi alijibu bila kumtazama. "Nyumba zilizojengwa bila kibali."

"Nyumba hii ilijengwa kabla baba yako hajazaliwa."

"Basi utawaambia hivyo ofisini."

Walipaka milango arobaini, kisha wakaishia pale nyumba za wafumaji zinapokwisha na zile kubwa za ukoo wa Khan zinapoanza. Kila mtu aliliona hilo. Hakuna aliyelisema.

Uchaguzi wa diwani ulikuwa umebakiza siku kumi. Waislamu waliogombea walikuwa wawili: Shamim Ansari, mdogo wa kiume wa Mehrunnisa, na Wajahat Khan, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa akimiliki ardhi yote ile. Mgombea wa tatu, mwenye duka la mbolea, alikuwa akizunguka na spika akitangaza kwamba mtaa wao ni jipu na yeye ndiye mwenye kisu.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, Wajahat Khan aliwaita nyumbani kwake. Mehrunnisa alifuatana na Shamim kwa sababu alimjua ndugu yake: mpole mno, akisemeshwa kwa adabu hukubali lolote. Chai ikaletwa. Jamaa za Khan walipewa vikombe vya kaure vyenye maua, wafumaji wakapewa glasi.

"Tukigawana kura, yule mtu anapita katikati yetu," Khan alisema. "Huu si wakati wa koo. Sisi ni umma mmoja. Shamim, mwanangu, waambie watu wako wanipe mimi."

Shamim alitazama vidole vya miguu yake. Mehrunnisa akaiweka glasi chini.

"Khan Sahibu, mpwa wako alipotaka kumwoa binti yangu, ulisema nini?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani, dada."

"Ulisema damu ya wafumaji haiingii kwenye ukoo wako. Mwaka juzi tu. Leo damu imekuwa moja?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Uso wa Khan ulikuwa umeiva.

"Umekuja kujenga au kubomoa?"

"Wa kubomoa ameshapita kwangu na brashi. Kwako bado."

Mehrunnisa alitoka kifua mbele, na raha ile ilimfikisha mpaka kwenye kona ya shule. Uwanjani palikuwa na tingatinga la manjano, limeegeshwa kama basi linalosubiri abiria. Dereva alikuwa akifuta kioo kwa kitambaa, taratibu, huku akipiga mluzi.

Ijumaa mlango wa nakshi wa Wajahat Khan ukapakwa 41.

Alikuja mwenyewe kwa Mehrunnisa, bila mtu wa kumfuata. Akakaa sakafuni kando ya mtambo, vidole vyake vimejaa rangi. Alikuwa amejaribu kuifuta.

"Nimemwonyesha mwenye brashi hati ya babu," alisema. "Yule kijana akaipiga picha, akacheka."

Mehrunnisa alimpa chai kwenye glasi, maana vikombe hana. Aliinywa yote. Miaka mingi Mehrunnisa alikuwa amezoea kumchukia mtu huyu akiwa ameketi juu. Kumwona pale chini kulimtisha kuliko lile tingatinga.

"Jina langu litabaki kwenye karatasi, siku za kujitoa zimepita," Khan alisema. "Lakini miguu ninayo. Nitapita nyumba kwa nyumba niwaambie wampe Shamim. Utanipitisha?"

"Kwa wafumaji wote? Wengine watakutukana."

"Watanitukana."

Walipita siku nne. Alitukanwa nyumba tatu, akalishwa katika nyingine zote, na kila alipolishwa alikula.

Siku ya kura walipanga foleni moja. Karani alipitisha rula juu ya orodha, akarudi juu, akashuka tena.

"Wajahat Ali Khan amefariki."

"Nani amefariki?"

"Wewe. Imeandikwa hapa. Anayefuata."

Anayefuata naye hakuwemo. Jina la Mehrunnisa lilikuwemo, akapiga kura, kisha akasimama nje ya uzio kutwa nzima akiwahesabu waliorudishwa: wafumaji, watu wa ukoo wa Khan, wachinjaji wa kule sokoni. Mia mbili na kumi na wawili. Shamim alishindwa kwa kura sitini na moja.

Wakafungua kesi mahakamani kuzuia ubomoaji, nyumba zote arobaini na moja kwa karatasi moja. Wakapangiwa Jumatatu.

Jumamosi, jua halijapanda sawasawa, polisi walifunga mtaa pande zote mbili. Shamim aliwakimbilia akiwa na karatasi ya mahakama mkononi. Ofisa aliisoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akamrudishia. Tingatinga likaingia kwa upande wa nyumba kubwa.

Mehrunnisa alikuwa akihangaika kuung'oa mtambo wake peke yake, mlango ulipofunguliwa. Alikuwa Durdana, mke wa Wajahat Khan, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukanyaga humo ndani. Ushungi wake ulikuwa na vumbi jeupe.

"Wameshaanza kwenu?"

"Ukuta wa mbele umelala." Sauti yake haikutetemeka. "Yeye amekaa kwenye kiti barabarani, hataki kuinuka. Shamim yuko naye." Akakunja mikono ya gauni. "Niambie nishike wapi."

"Shika ule mti mrefu. Ni mzito."

"Nishaushika."

Wakauinua.